abiria++ si hatua moja, hata ukiweka volatile

Waandishi wa programu wengi hudhani kwamba katika Java, neno volatile linatosha kulinda abiria++ (kuongeza 1 kwenye hesabu ya abiria) nyuzi (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu) zikiwa nyingi. Halitoshi. Mstari huo ni hatua 3: soma, ongeza 1, andika. Chukua tiketi za matatu ya viti 14, hesabu ikiwa 12. Uzi wa kwanza unasoma 12. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma 12. Kila mmoja unaandika 13. Tiketi ya 15 itauzwa, na lawama ni za makanga! Volatile huhakikisha thamani mpya inaonekana kwa nyuzi zote, lakini haizifanyi hatua hizo 3 kuwa moja.

Tumia AtomicInteger (namba kamili inayoweza kubadilishwa kwa hatua moja isiyokatizwa), iliyopo tangu Java 5 (2004), na incrementAndGet(), inayoongeza 1. Ila ukikagua get() < 14 kwanza ndipo uongeze, pengo kati ya kusoma na kuandika limerudi. Hapo weka compareAndSet, inayoandika tu ikiwa thamani bado ni ile uliyoisoma, ndani ya kitanzi ili ikishindwa usome na kukagua upya.