Anzia Jumba la Mtwana, si Fort Jesus

Wageni wakiniuliza waanzie wapi kutazama majengo ya kale ya Mombasa, hutarajia niitaje Fort Jesus. Mimi huwaambia wavuke kwanza waende Jumba la Mtwana, upande wa Mtwapa. Kazi yangu ni kukarabati kuta kuukuu, na kule plasta imebanduka, kwa hiyo kazi ya mwashi iko wazi.

Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15. Kuta ni mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyotumbukizwa kwenye chokaa bila kulinganishwa sana. Sasa tazama mihrabu na vizingiti vya milango: hapo wametumia tumbawe lililotolewa baharini, likachongwa lingali bichi, maana likikauka linakuwa gumu. Msikiti ulio karibu na bahari una birika, na kando yake kuna vipande vya matumbawe vya kusugulia miguu. Vipande hivyo husahaulika, watu wakikimbilia kupiga picha mibuyu.

Kisha pima vyumba kwa hatua. Ni virefu lakini vyembamba. Si kwamba wenyewe walipenda kubanana. Dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Boriti ndiyo iliyoamua ramani ya nyumba. Ingia nyumba yoyote kongwe ya Mji wa Kale, utakuta hesabu ni ileile.

Ukishayajua hayo, Fort Jesus utaiona kwa jicho jingine. Wareno waliianza 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Shuka upande wa bahari: mwamba wenyewe umechongwa ukawa ukuta, uashi ukaongezwa juu yake. Ndani usipite michoro ya meli waliyoiacha Wareno ukutani. Mimi naipenda kuliko mizinga yote.

Na ukiona mahali ukuta wa zamani umevimba na kumwaga unga, kagua kama umepigwa saruji. Chokaa hupitisha unyevu ukakauka nje. Saruji huuzuia, chumvi inabaki ndani ikilila jiwe. Mafundi wengi bado huniona mbishi kwa hili.

Ngomeni nenda asubuhi. Saa sita jua la uani si la mchezo.