Ukingo wa galaksi wenye vita: wengi wanavyoudhania na ulivyo kweli

Vijana wa Mwanza wanaoandika hadithi za kubuni za kisayansi, na wale wanaotunga michezo ya kompyuta, wanalipenda sana eneo moja: pembezoni mwa galaksi, mbali na makao makuu ya dola, vita haviishi na maharamia wako kila kona. Ni eneo zuri la kuandikia. Huharibiwa na mambo machache yanayorudiwa kila mara, na karibu yote yanatokana na kusahau kwamba huko nje mtawala wa kwanza ni umbali, na anayefuata ni mwenye mafuta, hewa na vipuri.

Dhana: Huko hakuna sheria kabisa

Penye watu wanaotaka kula kesho pana utaratibu. Kinachokosekana ni serikali kuweza kufika kwa wakati. Tazama makambi ya uvuvi kwenye visiwa vidogo vya Ziwa Victoria. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na limegawanywa kwa nchi tatu, hivyo boti ya doria haiwezi kuwa kila mahali. Hata hivyo mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, una uongozi wake, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) ina daftari la wavuvi na vyombo, tajiri mwenye nyavu na injini anajulikana, na mgao baada ya kutoa mafuta na chakula unaeleweka kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Mvuvi akikimbia na deni, habari zake humtangulia mwalo unaofuata.

Hata maharamia waliishi kwa kanuni. Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722 karibu na pwani ya Gabon ya leo, alikuwa na masharti yaliyoandikwa: nahodha na msimamizi wa mabaharia wapate mafungu mawili ya mali, taa zizimwe saa mbili usiku, watu wasipigane ndani ya meli bali ugomvi ukamalizwe nchi kavu, na anayepoteza kiungo kazini alipwe fidia.

Kwa hiyo ukitunga kituo cha pembezoni, andika daftari la madeni kabla hujaandika bunduki. Nani anajaza matangi? Nani huamshwa mtambo wa hewa ukizima? Mtu akidhulumiwa anakwenda kwa nani, na huyo anapata nini kwa kuamua kesi? Vita vikifika, majibu ya maswali hayo hubadilika, na hapo ndipo hadithi ilipo. Mwenye kukopesha oksijeni ana nguvu kuliko mwenye mizinga, maana wapiga mizinga nao wanapumua.

Dhana: Vyombo vinakimbizana, vinakata kona na kusimama ghafla

Chombo cha angani hakina breki, wala hakuna hewa ya kukizuia. Kila badiliko la mwendo linalipiwa mafuta, na bei yake ilishakokotolewa na Konstantin Tsiolkovsky, mwanasayansi wa roketi wa Urusi, mwaka 1903. Chukua injini ya hidrojeni na oksijeni inayotoa gesi kwa kilomita 4.5 kwa sekunde. Ukitaka kuongeza mwendo kwa kilomita 10 kwa sekunde, uzito wa kuondokea lazima uwe mara 9 ya uzito utakaobaki. Katika tani 100, tani 89 ni mafuta. Ukitaka na kusimama ufikapo, zile mara 9 zinazidishwa kwa 9 nyingine na ushei, inakuwa mara 85 hivi: katika tani 100 inafika tani moja na kidogo. Safari ya kurudi hujaigusa.

Injini bora ya kubuni itapunguza makali ya hesabu hii, lakini haiifuti. Ndiyo maana haramia mwenye akili hafukuzi mtu. Anasubiri pale ambapo kila chombo ni lazima kipunguze mwendo, yaani bandarini na kwenye ghala la mafuta. Jeshi nalo halihitaji kulinda anga lote. Likishika maghala matatu ya mafuta, limeshika jimbo.

Dhana: Ukanda wa asteroidi ni msitu wa mawe

Katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, wastani wa umbali kati ya jiwe kubwa moja na jingine ni kama kilomita milioni moja. Pioneer 10, chombo cha Marekani kisicho na watu, ilianza kuuvuka mwaka 1972 na ikatoka salama. Huwezi kumpoteza anayekufuata kwa kupenyeza chombo kati ya mawe, kwa sababu hakuna cha kupenya. Kwa haraka ongeza na hili: mlipuko angani hausikiki, na mwale wa leza hauonekani ukiwa pembeni, kwa kuwa hakuna hewa wala vumbi la kuutawanya mwanga.

Dhana: Ukuta ukitoboka, wote wanafyonzwa nje na kufa papo hapo

Hili linahitaji kukaa nalo, maana maisha ya kituo cha pembezoni ni maisha ya kuziba na kuunga. Chumba cha mita za ujazo 100 kikipata tundu la sentimita moja, mgandamizo wa hewa unachukua zaidi ya saa moja kushuka hadi nusu. Nguvu inayosukuma kwenye tundu hilo haifiki uzito wa kilo moja, kiraka kinashikika kwa kidole. Kibandikwe kwa ndani, ili hewa yenyewe ikigandamize ukutani. Agosti 2018 tundu la milimita 2 hivi liligunduliwa kwenye chombo cha Soyuz kilichokuwa kimeunganishwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wanaanga walianza kwa kubandika tepu, kisha wakaziba kwa gundi ya epoksi.

Kinachoua kimyakimya ni hewa ya ukaa. Mtu mmoja hutumia karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na kutoa kilo moja hivi ya hewa ya ukaa. Mfungie kwenye chumba cha mita za ujazo 10: baada ya siku moja oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 hadi kama 15, na hewa ya ukaa imefika asilimia 5. Kichwa kinamgonga, anahema, anaanza kukosea maamuzi, na bado oksijeni ipo. Mhusika wako akisema "tuna oksijeni ya wiki nzima", fundi wa kituo atauliza vichujio vya kuondoa hewa ya ukaa viko vingapi.

Aprili 1970 wanaanga watatu wa Apollo 13, safari ya Marekani ya mwezini iliyopata ajali njiani, walikutana na tatizo hilo hasa. Vichujio vya lithiamu haidroksaidi vya chombo kikuu vilikuwa vya mraba, na vya chombo cha kutulia mwezini, walikokimbilia, vilikuwa vya duara. Vikaungwa kwa mifuko ya plastiki, kadi ngumu, mipira ya kupitishia hewa ya suti na tepu. Sasa fikiria jimbo ambalo majeshi mawili yamepigana miaka 30, kila upande na vipimo vyake vya bomba na nati. Fundi anayeweza kuunganisha bomba la upande huu na mtambo wa upande ule hapigwi risasi na upande wowote.

Dhana: Ukizima taa na injini, hakuna wa kukuona

Angani baridi yenyewe inakusaliti. Nyuma yako kuna nyuzi 270 chini ya sifuri, nawe chumbani una nyuzi 20 ili usife. Darubini ya joto inakuona. Na joto hilo halina hewa ya kulibeba, ni lazima limulikwe nje kwa mabamba. Bamba la nyuzi 27 hutoa kama wati 460 kwa kila mita ya mraba. Mtambo unaotupa megawati moja ya joto unahitaji mita za mraba 2,200 hivi, karibu theluthi ya uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68. Ukilipasha bamba hadi nyuzi 327, mita 140 zinatosha, ila sasa linang'aa zaidi machoni pa adui. Adui hana haja ya kulenga injini. Atoboe mabamba, nanyi mtachagua kuzima mtambo au kupikwa nao.

Dhana: Pembezoni kuna madini ya kupigania, na vita vikiisha anga linakuwa safi

Katika galaksi yetu, kadiri unavyotoka katikati kwenda ukingoni, ndivyo elementi nzito kama chuma zinavyopungua katika gesi na nyota. Kwa hiyo ukingo ni mahali pa kukosa chuma, na mabaki ya manowari zilizovunjwa yanageuka kuwa mgodi. Wanaoishi huko ni watu wa vyuma chakavu.

Kazi hiyo ina hatari zake. Vita vikipiganwa karibu na sayari, mabaki hayaondoki, yanaizunguka na kurudi palepale. Jaribio la China la Januari 2007 lilivunja satelaiti moja na kuacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa kutoka ardhini. Chini ya kilomita 600 mabaki huanguka baada ya miaka michache, ila juu ya kilomita 1,000 yanaweza kukaa miaka elfu na zaidi. Kipande cha gramu moja kikikugonga kwa kilomita 10 kwa sekunde kinaleta jouli 50,000, sawa na risasi 25 hivi za AK-47 kwa pamoja.

Mkusanyaji anayejua kazi huanza kwa kulinganisha mwendo wake na wa gofu la manowari, kisha huangalia linavyojizungusha, kwani kamba ikifungwa kabla halijatulizwa itamviringishia chombo chake humo. Linalofuata ni matangi. Roketi nyingi zilizotelekezwa kuzunguka Dunia zimelipuka zenyewe kwa mafuta yaliyobaki ndani, ndiyo maana siku hizi hutakiwa kumwaga mabaki ya mafuta na kukata betri chombo kikishamaliza kazi. Manowari iliyopigwa vitani haikupata nafasi ya kufanyiwa hivyo. Mafuta yanatolewa taratibu, betri zinakatwa, na msumeno unafuata mwisho.