126 inapogeuka kuwa 2: makundi ya matriksi kwenye namba za saa

Wanafunzi wanaoanza hapa kwenye idara yetu ya hisabati huwa wananiuliza, sasa kama kitu kimeshathibitishwa kwenye namba za kawaida si kimeisha hicho, kwanini mnakirudia tena kwenye namba za saa? Nataka nilijibu hili taratibu maana ndo kazi yangu ya kila siku na kusema kweli naipenda sana, na jibu fupi ni kwamba haturudii kitu, kule mambo ni mengine kabisa.

Namba za saa ni hivi, chukua namba tasa yoyote, tuseme 5. Unahesabu 0, 1, 2, 3, 4 alafu ukifika 5 unarudi 0. Kwa hiyo 3 jumlisha 4 ni 2, na 2 mara 3 ni 1. Kugawanya kupo pia, kugawa kwa 2 ni sawa na kuzidisha kwa 3, mambo yanaenda vizuri tu. Kitu kimoja ndo hukiwezi, kugawa kwa 5, kwa sababu 5 huku ni sifuri. Hilo lishike maana kila kitu kinatokea hapo.

Sasa kundi. Kundi ni mkusanyiko wa mabadiliko ambayo unaweza kuyafanya moja baada ya jingine na kila moja lina la kulitengua. Uwakilishi ni pale kila badiliko unalipa matriksi yake, yaani jedwali la namba lenye safu na nguzo, ili kitu cha kufikirika kigeuke hesabu unayoweza kuikokotoa. Na mfano ninaoupenda mimi ni matriksi za mbili kwa mbili zenye ditaminanti 1 (unazidisha namba za pembe mbili zinazokabiliana, unatoa zao la zile pembe nyingine mbili, unapata 1), namba zake zikiwa za saa ya 5. Ziko 120 jumla, ukiwa na jioni moja unaweza kuziandika zote kwa mkono.

Kwenye namba za kawaida mwanahisabati Heinrich Maschke alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba uwakilishi wowote wa kundi lenye ukomo unavunjika safi, unabaki na vipande visivyovunjika tena na kila kipande kinasimama peke yake. Mbinu yenyewe ni wastani, unajumlisha kwa kupitia kundi zima alafu unagawa kwa idadi ya walio kwenye kundi. Idadi yetu ni 120, na 120 kwenye saa ya 5 ni ngapi? Sifuri. Wastani umekufa hapo hapo, na ule uhakika wa kuvunjika safi umeondoka nao.

Tuone kwa macho. Chukua polinomia za digrii 5 za x na y, zinajengwa na vitu sita, kuanzia x⁵, x⁴y mpaka y⁵. Kila matriksi inachanganya x na y, mfano kuna moja inayoacha x ilivyo na kugeuza y kuwa x+y. Ukifungua (x+y)⁵ unapata namba 1, 5, 10, 10, 5, 1, na zile za katikati zote zinagawanyika kwa 5 kwa hiyo zinapotea, unabaki na x⁵ + y⁵ basi. Maana yake x⁵ na y⁵ wana kajumba kao wawili, hawatoki nje hata uwape matriksi gani. Unaweza kusema sawa, basi wale wanne waliobaki nao wakae kwao. Hawakai! Jaribu xy⁴, inageuka x(x+y)⁴, ukifungua inatoka x⁵ + 4x⁴y + x³y² + 4x²y³ + xy⁴, na x⁵ si huyo hapo, amevuja kurudi kule kwa wale wawili. Na sio kwamba tumechagua wanne vibaya, hata uchanganye vipi hupati wanne wanaojitegemea. Vipande vipo viwili lakini vimegandana, na kujua nini kimegandana na nini, kwa mpangilio upi, ndo nusu ya kazi yetu nzima.

Aliyeijenga nadharia hii kwa mapana ni Richard Brauer, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyefukuzwa kazi mwaka 1933 utawala wa Nazi ulipoingia, akaenda Marekani kisha Toronto huko Kanada, na miaka hiyo hiyo ndo akaanza kuchapisha mambo haya. Huko Toronto akamfundisha Robert Steinberg, na Steinberg mwaka 1963 akatoa kitu ambacho mpaka leo nikikifundisha nasisimka.

Ni hivi. Kwa matriksi zetu za mbili kwa mbili, ila sasa turuhusu mfumo wa namba usio na ukomo unaofuata ile sheria ya 5 kuwa sifuri, kila namba r kuanzia 0 ina kipande chake kimoja kisichovunjika. Kwenye namba za kawaida ukubwa wa kipande hicho, yaani idadi ya vitu vinavyokijenga kama vile sita vya digrii 5, ni r+1, hakuna la kuuliza. Huku Steinberg anasema andika r kwa tarakimu za msingi wa 5, ongeza 1 kwenye kila tarakimu, alafu zidisha zote. Namba 13 ni 5 mbili na 3, tarakimu ni 2 na 3, kwa hiyo ukubwa ni 3 mara 4, yaani 12 na sio 14. Namba 124 inaandikwa 444, unapata 5 mara 5 mara 5 ambayo ni 125, sawasawa na kawaida. Songa hatua moja tu, 125, inaandikwa 1000, unapata 2 mara 1 mara 1 mara 1. Mbili! Kawaida ingekuwa 126. Kilichotokea ni kile kile cha x⁵ na y⁵, safari hii ni x¹²⁵ na y¹²⁵ wamejifungia wenyewe.

Na uzuri wake ni kwamba kundi lisilo na ukomo linatufundisha habari za lile lenye ukomo. Ukirudi kwenye zile matriksi 120 unahitaji tarakimu moja tu, 0 mpaka 4, kwa hiyo vipande ni vitano vyenye ukubwa wa 1, 2, 3, 4 na 5, hakuna kingine. Ukitumia mfumo wenye namba 25 unahitaji tarakimu mbili, vipande 25. Makundi ya aina hii, yanayoitwa ya Lie, ndo sehemu kubwa ya makundi sahili yenye ukomo, yaani matofali ambayo makundi mengine yote yenye ukomo yamejengwa kwayo, kwa hiyo hatuongelei kitu cha pembeni hapa.

Shida inaanza ukitoka mbili kwa mbili kwenda matriksi kubwa. Mbinu ya tarakimu bado inafanya kazi ila sasa ile "tarakimu moja" yenyewe ni kipande ambacho ukubwa wake haujulikani kirahisi. Karibu na mwaka 1980 mwanahisabati George Lusztig alipendekeza fomula ya kukokotoa ukubwa huo, kwamba itatoa jibu sahihi mradi namba tasa sio ndogo mno kulinganisha na kundi. Mwaka 1994 Andersen, Jantzen na Soergel wakathibitisha kwamba fomula ni kweli kwa namba tasa zilizo kubwa vya kutosha, bila kusema kubwa kiasi gani. Baadaye Peter Fiebig akatoa kikomo, kikubwa ajabu, na wengi waliamini kikomo halisi kipo chini kabisa, karibu na ukubwa wa matriksi zenyewe.

Mwaka 2013 Geordie Williamson wa Australia akaonyesha sivyo. Kuna namba tasa ambazo fomula inazikosea, na kadiri matriksi zinavyokua namba hizo zinapanda kwa kasi kuliko polinomia yoyote ya ukubwa wa matriksi. Miaka zaidi ya 30 ya matumaini, na mifano midogo yote ilikuwa inakubali, kwa sababu ubaya wenyewe unaanza kwenye matriksi kubwa kuliko zile ambazo mtu angeweza kuzikokotoa.

Kazi haikufa lakini. Williamson mwenyewe na Simon Riche, na wenzao, wameweka fomula nyingine ambayo viungo vyake, yaani namba zinazoingia ndani yake, vinabadilika kwa kila namba tasa, 5 ina vyake, 7 ina vyake. Fomula ipo na ni sahihi, ila viungo hivyo lazima uvikokotoe kwa kompyuta namba tasa moja moja, na ukipandisha ukubwa wa matriksi kidogo tu hata mashine nzuri inaelemewa. Kwa hiyo mtu akitaka kujua vipande vya matriksi za ishirini kwa ishirini kwenye saa ya 5 vina ukubwa gani, orodha kamili mimi sina ya kumpa.