Onsen ni nini, na kwa nini unaoga kabla ya kuingia

Onsen, maji ya chemchemi ambayo Wajapani huogea pamoja na bafu lenyewe, huandikwa kwa herufi mbili za Kijapani. Ya kwanza ni joto, ya pili ni chemchemi. Kwa Kiswahili tungesema maji moto, kama sehemu kadhaa za Kenya na Tanzania zinavyoitwa Maji Moto, na tungekuwa tumepatia nusu tu.

Nusu nyingine imo kwenye sheria. Tangu 1948 Japani ina sheria maalumu ya onsen. Maji yatokayo ardhini huhesabiwa kuwa onsen yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi pale yanapochomoza, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha angalau kitu kimoja kati ya 19 vilivyoorodheshwa, kwa mfano chuma au salfa. Hilo neno "au" lina uzito. Maji baridi yenye madini yanayotakiwa ni onsen kamili, hata kama yatapashwa moto baadaye. Maji ya bomba hayawi onsen hata uyachemshe mpaka sufuria itoboke. Bafu la mtaani linalotumia maji ya kawaida yaliyopashwa moto lina jina lake, sento, na bei yake ni nafuu zaidi. Ukilinganisha bei za mahali pa kulala, soma vizuri: "bafu kubwa" la hoteli si lazima liwe onsen.

Japani imekaa juu ya volkano hai zaidi ya 100, ndiyo maana maji haya yanapatikana karibu kila mkoa, na hayafanani. Arima, karibu na Kobe, kuna maji ya rangi ya kutu kwa wingi wa chuma. Kusatsu, mkoa wa Gunma, yana asidi kali na hutoka ardhini yakiwa ya moto kiasi cha kuunguza. Zamani watu wa huko hawakutaka kuyachanganya na maji baridi wasije wakayapunguza nguvu, basi wakawa wanayakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba, hadi yapoe. Siku hizi mbao na nyimbo hizo ni onyesho la watalii. Beppu, kisiwani Kyushu, kuna mabwawa yanayoitwa jehanamu, moja la buluu, jingine jekundu kama damu. Hayo ni ya kutazama tu. Usiende na taulo.

Sasa tuje kwenye kuoga, maana hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotupoteza. Sisi tuna kuoga tu: unajimwagia maji, unajisugua, umemaliza. Na anayeijua Hamamni ya Unguja, bafu la enzi za Sultani Barghash, atadhani ameshaelewa, kwa kuwa hamamu nayo ni bafu la watu wengi. Lakini kwenye hamamu unaingia ili usuguliwe. Kwenye onsen unajisugua kwanza, kisha unaingia majini ukiwa msafi tayari. Ni afadhali kulifikiria lile bwawa kama birika la msikiti wa zamani: maji ni ya wote, hakuna anayetia uchafu wake humo.

Mambo huenda hivi. Mlangoni unavua viatu. Mbele kuna mapazia mawili, kwa kawaida la buluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake, ila ukariri pia herufi, 男 ni wanaume na 女 ni wanawake, kwa sababu nyumba nyingine hubadilishana vyumba asubuhi na jioni. Pazia ulilopitia jana linaweza kukuaibisha leo. Ndani kuna vikapu au makabati, unavua nguo zote. Zote kweli, hakuna bukta wala vazi la kuogelea. Unabaki na kitaulo kidogo tu.

Ukutani kuna bomba za mvua zilizo chini chini, kila moja na kigoda, ndoo na sabuni. Unakaa. Kuoga umesimama ni kuwarushia jirani maji na povu. Unajisugua bila haraka, unasuuza mpaka povu liishe, unakisuuza na kigoda kwa ajili ya anayekuja. Mwenye nywele ndefu anazifunga juu. Halafu unaingia bwawani taratibu, kwa kuwa maji mara nyingi ni nyuzi 40 hadi 42, na mtu anayejitumbukiza hutoka kwa kasi aliyoingilia. Kitaulo hakiguswi na maji ya bwawa. Kiweke pembeni au kikunje juu ya kichwa kama wafanyavyo wenyeji. Dakika chache zinatosha mara ya kwanza. Aliyekunywa pombe asubiri kwanza, maana kizunguzungu kwenye maji hayo si mchezo.

Habari ya uchi huwakwaza wengi wetu, na sioni haja ya kujifanya haipo. Kwa Muislamu ni suala la sitara hata mbele ya watu wa jinsia yake, na kwa wengine ni haya tu. Dawa yake ni neno moja, kashikiri: bafu la kukodi kwa muda, lenye mlango unaofunga, wewe peke yako au na familia. Nyumba nyingi za wageni za kijadi, ryokan, zinalo, na nyingine zina bwawa dogo kwenye chumba chenyewe. Uliza kabla ya kulipia.

Tatoo ni jambo jingine. Kwa kuwa zilihusishwa na magenge ya yakuza, onsen nyingi bado zinawakatalia wenye nazo, bila kujali ni za nini. Mwaka 2013, kisiwani Hokkaido, mwanamke wa Kimaori, wenyeji asilia wa New Zealand, alizuiwa kwa sababu ya alama za jadi za usoni. Mji wa Kinosaki unajulikana kwa kuwapokea wenye tatoo. Je, rangi ya ngozi? Kulikuwa na bafu la mji wa Otaru, huko huko Hokkaido, lililobandika tangazo kuwa ni la Wajapani tu. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo ilitamka kuwa huo ni ubaguzi wa rangi na kuamuru fidia.

Ukitoka, kwenye ryokan utavaa yukata, joho jepesi la pamba. Upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia, uwe mwanamume au mwanamke. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na mhudumu akikuona hivyo atakuja kukurekebisha, huenda kwa kicheko. Wengi hawajisuuzi tena kwa maji ya kawaida, wanataka madini yabaki mwilini. Wanajifuta, wanaketi ukumbini wakiwa wekundu kwa joto, wanafungua friji ya pembeni na kununua maziwa baridi ya chupa.