"Panua kolamu, namba itarudi"

Faili la Excel la wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, linafunguliwa, kolamu ya namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) imejaa vitu kama 1.98507E+19, na maelezo ni yale yale: hiyo ni fomati tu, panua kolamu au weka fomati ya Text (maandishi), namba itarudi.

Hairudi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu. Ukiandika 12345678901234567890 na kubonyeza Enter, seli inabaki na 12345678901234500000. Tarakimu tano za mwisho zimeshafutwa, na Text ya baadaye inahifadhi sufuri. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo wakulima wawili wa siku moja, namba zao zikilingana hadi ya 15, wanageuka mtu mmoja kwenye mfumo.

Mara nyingi namba ilifika nzima, ikiwa na vistari, yaani maandishi. Kisha mtu "akaisafisha" kwa Find & Replace, Excel ikaisoma upya kama namba. Acheni hiyo tabia! Tumia =SUBSTITUTE(A2,"-","") kwenye kolamu mpya, matokeo yake ni maandishi. Bora zaidi, viacheni vistari, code itaviondoa.

"Basi tutumie BigDecimal." Aina hiyo ya namba ya Java itakupa sufuri zile zile, kwa usahihi mkubwa. Hata dtype=str (soma kila kitu kama maandishi) ya pandas, maktaba ya Python ya kusoma data, haifufui kilichokwisha kufutwa kwenye faili. Dawa ni kuomba faili la awali.

Kontroo namba za malipo ya Serikali, zile za tarakimu 12 zinazoanza na 99, ni kesi tofauti. Hapo E+11 kweli ni sura tu, thamani ni nzima, na anayeharibu ni mwandika code. Apache POI, maktaba ya Java ya kusoma Excel, inarudisha double (namba ya desimali) kwa getNumericCellValue. Ukiipitisha kwenye String.valueOf, 991234567890 inatoka 9.9123456789E11. Ukiilazimisha kuwa int, ambayo haibebi zaidi ya bilioni 2 na kidogo, kila mlipaji anapata 2147483647. Andika BigDecimal.valueOf(d).toPlainString(). Kwenye pandas, seli moja tupu inageuza kolamu nzima kuwa desimali na ".0" inaning'inia mwishoni; hapo ndipo dtype=str inasaidia.

"CSV ni salama." Faili lenyewe, ambalo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ndiyo. Ukilibofya mara mbili likafunguka kwenye Excel, kisha ukasevu, umeliua. Liingize kupitia menyu ya Data, uchague Text kwa kolamu hiyo.

Namba ya simu iliyopoteza 0 ya mbele: rudisha pale tu zilipobaki tarakimu 9. Usiibandike kwa kila safu, wengine wameanza na 255.

Wapo pia wanaoweka kila kitu Text, hadi fedha, halafu wanashangaa SUM inatoa 0. Bajeti ya Taifa ya 2024/25, shilingi trilioni 49.35, ina tarakimu 14. Shilingi zenu zinatosha kwenye seli.