Gari kumisi si lazima plagi

Gari ikianza kumisi, yaani injini kukatakata kwa sababu silinda fulani haiwaki vizuri, wengi Dar es Salaam hukimbilia Kariakoo kununua seti nzima ya plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli. Inauma kuona hela ikienda kwa kubahatisha, maana koili (inayoipa plagi umeme), nozeli (inayopuliza petroli) au hewa inayovuja kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) huleta misi ileile. Mashine ya kusoma makosa ya gari ikionyesha kodi P0302, imetaja misi ya silinda ya pili tu, haijataja kifaa kilichokufa. Kama kila silinda ina koili yake, zima injini, badilishana koili ya pili na ya tatu, futa kosa, pima tena. Likija P0303, yaani kosa limehamia silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, fanya hivyo kwa plagi, kisha kagua nozeli na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Taa ya injini ikiwakawaka, tafadhali usiendelee kuendesha: petroli isiyoungua huiharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.