Ngoma si mti na ngozi tu: dhana potofu kuhusu neno la kila siku

Ngoma imepasuka. Ngoma ilikesha. Ngoma imetoka jana na tayari inapigwa redioni. Ngoma droo. Mswahili anazielewa sentensi hizi nne bila kuumiza kichwa, na ni ya kwanza peke yake inayozungumzia mti uliowambwa ngozi. Ya pili ni shughuli ya usiku kucha, ya tatu ni wimbo wa studio, ya nne ni matokeo ya mpira. Lakini muulize mtu ghafla ngoma ni nini, atakujibu: chombo cha kupigwa. Jibu hilo fupi limezaa dhana kadhaa zinazotufanya tuudharau utajiri tulio nao.

Dhana: ngoma ni chombo, mengine ni maneno ya mitaani

Chombo chenyewe kina majina yake, na wapigaji huyatumia. Pwani kuna msondo, ambayo ni ndefu, kuna chapuo ndogo, kuna vumi yenye sauti nzito, kuna kumbwaya ya miguu. Fundi huchonga mzinga, huloweka ngozi, huiwamba na kuikaza kwa vigingi au kamba. Kabla ya kupigwa, ngoma huoteshwa moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Ndiyo maana pembeni ya uwanja hukosi moto wa makuti, na mtu wa kuzipasha zilizolegea huku wenzake wakiendelea kupiga. Wahenga walimtazama fundi huyu wakasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapo ngoma ni chombo, hakuna ubishi.

Sasa chukua methali nyingine: ngoma ya watoto haikeshi. Chombo hakikeshi, wanaokesha ni watu. Angalia na vitenzi tunavyovitumia. Kuna anayepiga ngoma, kuna anayecheza ngoma, kuna anayekwenda ngomani kutazama tu, na kuna mwali anayechezwa ngoma, ambaye hapigi chochote: anafundwa. Vitenzi vyote hivyo vinalizunguka jambo moja, na jambo hilo ni mkusanyiko: wapigaji, manju anayeongoza wimbo, wachezaji, watazamaji, na sababu iliyowakutanisha. Chombo ni sehemu moja ya mkusanyiko huo, tena sehemu kubwa. Lakini anayeandika kwamba ngoma ni chombo tu ameacha nje karibu kila kitu.

Usukumani jambo hili linaonekana waziwazi. Kwa miaka mingi wacheza ngoma wa huko wamegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu, na pande hizo hushindana uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi wa kuhesabu makosa ya midundo. Mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Ndipo unapowaona wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, wakirusha majembe hewani na kuyadaka, na wengine wakicheza na chatu, ili umati uhame kutoka upande wa pili. Ngoma kali, kwa kipimo hicho, ni ile iliyojaza watu.

Dhana: Wabantu wote wakisema ngoma wanamaanisha kitu kimoja

Neno hili ni la kale na limesambaa katika lugha nyingi za Kibantu, kwa hiyo ni rahisi kudhani maana yake imesambaa nalo bila kubadilika. Sivyo. Kwa Wazulu, *ingoma* ni wimbo au mchezo, na chombo huitwa *isigubhu*. Kwa Wakikuyu, *ngoma* ni mizimu, roho za waliokufa, na anayetaka chombo lazima atafute neno jingine. Mswahili akimwambia mzee wa Kikuyu kwamba usiku kucha alikuwa na ngoma, anaweza kumtia wasiwasi pasipo sababu.

Lakini maana inayonivutia kuliko zote ni ile ya Rwanda na Burundi. Huko *ingoma* ni chombo, na pia ni ufalme, utawala, enzi. Si mzaha wa maneno. Burundi ilikuwa na Karyenda, ngoma takatifu ya mwami, yaani mfalme, na Rwanda ilikuwa na Kalinga. Ngoma hizo ndizo zilizokuwa alama ya dola, kama taji kwa mataifa mengine. Huko Buganda nako mfalme anayetawazwa husemwa kuwa "anakula ngoma". Na pwani yetu hatuko mbali na jambo hili: watawala wa miji ya Waswahili walikuwa na siwa, yaani baragumu la enzi, na ngoma kuu, na Mwinyi Mkuu wa Unguja, aliyekuwa na makazi yake Dunga, alikuwa na za kwake.

Ufalme uliondoka Rwanda mwaka 1961 na Burundi mwaka 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Dhana: mwanamke hapigi ngoma

Hii husemwa kana kwamba ni sheria ya Afrika nzima. Ukipita Dodoma utawakuta akina mama wa Kigogo wakiwa na *muheme*, ngoma zao wenyewe, wamezibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono huku wakiimba. Unguja alikuwapo Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alijulikana vilevile kama mwalimu wa unyago. Alijifunga ngoma kubwa kiunoni, akaipiga kwa nguvu ambazo vijana wengi hawakuwa nazo, na umri ulikuwa umeshamtupa mkono.

Kweli ziko sehemu ambako mila iliwazuia wanawake, na ni lazima tuzitaje. Burundi ni mojawapo, na Oktoba 2017 amri ya rais iliandika katazo hilo kwenye sheria: kupiga ngoma za jadi kukawa kwa wanaume tu. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, hali ilikwenda kinyume. Mwaka 2004, mjini Huye, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma, kikiwakusanya wanawake ambao mauaji ya kimbari ya 1994 yaliwatenganisha, wengine wajane, wengine wenye waume gerezani. Kikundi kiliitwa Ingoma Nshya. Kwa Kinyarwanda jina hilo linasomeka njia mbili, ngoma mpya na enzi mpya, na wanawake wale walizimaanisha zote mbili.

Dhana: ngoma ni ushetani

Ngoma za pepo zipo na hakuna haja ya kuzificha. Katika nchi nyingi, kuanzia pwani yetu hadi kusini mwa Afrika, ngoma ni tiba: mgonjwa hukalishwa katikati, hupigiwa, huimbiwa, na ndugu zake huwapo. *Vimbuza* ya Watumbuka wa Malawi ni ya namna hiyo, nayo imo katika orodha ya UNESCO tangu 2008. Mtu anaweza kuikataa kwa imani yake, na hiyo ni haki yake. Kosa ni kuchukua aina moja ukaifanya jina la zote. Ngoma ya harusi haina pepo, wala ya kulima, wala ya mavuno.

Na dini hazikukaa mbali na midundo kama inavyodhaniwa. Katika Maulidi ya Homu ya Unguja, matari hupigwa na waumini huyumba kwa safu moja, ingawa wenyewe hawaiiti ngoma, na wana sababu zao. Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement aliukaribisha utamaduni wa Kisukuma ndani ya misheni miaka ya 1950, na mpaka leo mashindano ya ngoma ya Bulabo hufungamana na sikukuu ya Ekaristi.

Dhana: ngoma ni ya asili, haibadiliki, na vijana wameliharibu neno

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais, aliuliza ni wangapi kati ya waliojifunza rumba, chachacha na twisti wanaojua kucheza gombe sugu au lelemama. Swali lilikuwa la haki na lilihitajika. Lakini wengi wamelichukua kana kwamba ngoma ni kitu kilichohifadhiwa tangu kuumbwa kwa dunia. Beni inakanusha hilo. Ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu walipoiona bendi ya kijeshi ya Wazungu wakaigeuza kuwa yao, kwa sare, vyeo na gwaride. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza wakaisambaza bara, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana mji kwa mji. Wenyewe waliiita ngoma.

Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua kampuni ya kurekodi muziki Léopoldville, Kinshasa ya leo, magitaa ya rumba yakiwa ndiyo bidhaa yake. Akaiita Ngoma. Dar es Salaam, bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz ikaja kujiita Msondo Ngoma, na mahasimu wao Mlimani Park, walioanza 1978, wakajitangaza kuwa "Sikinde, ngoma ya ukae", wakiazima jina kutoka ngoma ya Wazaramo. Ni bendi za magitaa ya umeme na tarumbeta, na hakuna mzee wa Ilala aliyelalamika kwamba neno limetumika vibaya.

Kijana anayesema ameachia ngoma mpya, hata kama mdundo wote umetoka kwenye kompyuta, yuko kwenye njia hiyo hiyo. Miaka ya maumivu ilipokuja, neno hili hili lilibebeshwa hata UKIMWI: mitaani mtu aliyeambukizwa alisemwa kuwa ana ngoma, kwa sababu watu walihitaji jina wasiloogopa kulitamka.